Wema Wake Nilimpa Marehemu Mashuhuri

Nina miaka arobaini na sita, mama wa watoto wawili, elimu yangu iliishia kidato cha nne, na huu ni mwaka wa kumi na nane naishi Brussels, mtaa wa Etterbeek. Nikisema naishi Brussels, msidhani nautembea mji. Naishi sebuleni! Mume wangu husema siku kochi letu likifa, mimi ndiye nitakayekaa eda.

Mtu wa ndani kama mimi, dunia yake ni simu. Na ndani ya simu hiyo ndimo nilimotenda jambo linaloninyima raha hadi leo...

Mwaka jana alifariki mwimbaji mmoja, mwanamama aliyependwa na karibu kila Mswahili wa rika langu. Jina nalihifadhi. Kila mtu aliweka picha, mishumaa, machozi. Nami nilitaka kulia nionekane. Lakini nilikuwa na nini cha kuweka? Niliwahi kwenda onyesho lake mara moja hapa mjini, na picha niliyoambulia ni ya bega lake la kushoto na mgongo wa mlinzi.

Nikakaa, nikaandika. Niliandika kwamba nilipokuwa mgeni huku, nimepotea, nalia kituo cha tramu pale Flagey, miguuni kandambili na ni mwezi wa Novemba, mwimbaji yule alivua koti lake akanivika. Akaniambia, "Baridi ya huku haijui mgeni." Akanipeleka kunywa supu. Kesho yake akanisindikiza ofisi ya manispaa kujiandikisha.

Wasomaji wenzangu, yote hayo yalinitokea kweli! Ila aliyeyafanya hakuwa mwimbaji. Alikuwa Maman Furaha.

Maman Furaha alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkazi wa Laeken, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji majumbani mwao. Siku ile alikuwa anatoka kazini, miguu inamuuma, na bado akasimama kwa ajili ya mtu asiyemjua. Tangu hapo akawa mama yangu wa huku. Tulitaniana sana. Mimi nilimcheka kwa "mutoto" na "muntu" zake, naye akasema Kiswahili changu ni cha kusomea taarifa ya habari.

Kwa nini basi sikuandika jina lake? Niseme ukweli wa Mungu... Niliwaza, nani atabonyeza moyo kwa ajili ya muogesha wazee?

Mkasa wangu ukasambaa kutoka Tanga hadi Toronto. Mtangazaji wa redio ya mtandaoni akanipigia kunihoji, na mimi, nikiwa na kanga na soksi za mume wangu, nikajitambulisha kuwa mtu wa karibu wa marehemu!

Wakati huo Maman Furaha alikuwa amelazwa, figo zimechoka. Siku ya tatu akanipigia.

"Allô, mutoto yangu. Bon, kumbe ile siku mimi nilikuwa muimbaji?"

Nikajichekesha. Nikamwambia ni mambo ya mtandaoni tu, asiyatilie maanani.

"Hapana, niko nafurahi," akasema. "Donc, niliimba wimbo gani? Ukuye unifundishe, nisikufe bila kuijua."

Kisha akashusha sauti. Akauliza polepole, "Jina yangu inakuletea aibu?"

Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakwenda, tuongee uso kwa uso. Moyoni nilikusudia kumwomba radhi.

Jumamosi mvua ikanyesha. Manyunyu ya Brussels, yale yasiyomtisha hata paka! Nikajiambia nitakwenda Jumanne.

Jumatatu asubuhi mwanawe, Bienvenu, akanipigia. Mama yake alikuwa ameshaondoka.

Siku ya mazishi Bienvenu aliniomba niseme neno. "Tantine, weye unajuaka kuongea," aliniambia; ndivyo aniitavyo, shangazi. Nikasimama mbele ya jeneza. Niliapa kwamba hapo hapo nitarudisha cha mwenyewe. Nikaanza kusimulia: Flagey, kandambili, koti...

Mama mmoja wa safu ya mbele akanikatiza, kwa upole kabisa. "Pole, maman. Machozi inakuchanganya. Ile si ya muimbaji? Tuliisoma sisi wote."

Watu wakatikisa vichwa kwa kunihurumia. Ilibaki sentensi moja tu niitoe, niwe huru. Mnajua nilisema nini?

"Samahani... nimechanganya."

Nimechanganya! Mbele ya maiti yake! Nikamalizia kwamba marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu, maneno unayoweza kumsemea hata usiyemjua. Nikaketi. Bienvenu alikuwa ananitazama. Habari ya lile koti mama yake alimsimulia siku nyingi.

Wiki iliyofuata niliufuta uongo, nikaandika ukweli kwa jina lake kamili. Nikatukanwa, na sikujitetea. Nikaenda kwa Bienvenu kumwambia nimesahihisha, kila mtu sasa anajua. Hakunifokea, afadhali angenifokea...

"Tantine, haiko watu ya téléphone maman alikuwa anangojea," alisema. "Alikuwa anangojea weye. Ile samedi, Jumamosi ya mvua, alivaa foulard yake muzuri ya kichwa, akaketi kwa kiti mpaka saa ya wageni ikaisha."

Wasomaji, walilieni nyota wenu, siwakatazi. Mimi mwenyewe bado nawalilia, nawajua vizuri kuliko majirani zangu! Lakini nawasihi: aliyekushika mkono ulipokuwa si mtu, mtaje kwa jina lake angali na masikio. Mtaje mbele ya watu. Kama kuna sura imekujia wakati unasoma hapa, liweke gazeti chini, umpigie.

Wewe unaweza kumwomba radhi, akakusamehe au akakataa, ukajua moja. Mimi sitajua kamwe.