Kitenge Juu ya Mashine

Kila asubuhi Wivine alifungua mlango wa studio kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili aliziba pua. Redio ile ndogo ya mtaa wa Keshero, mjini Goma, ilikuwa na vyumba viwili tu, lakini harufu zake zingetosha kujaza soko. Kulikuwa na zulia lililokunywa maji ya mvua likakauka vibaya. Kulikuwa na moshi wa jenereta. Na juu ya yote kulikuwa na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, ambao Benny, kijana aliyetangaza michezo, aliwala huku ameinamia kibodi.

"Mutu muzima na akili zake!" Wivine alinung'unika siku hiyo, akichokoa kichwa cha samaki kati ya herufi kwa ncha ya karatasi. "Tena ameacha na macho yake yananiangalia!"

Wivine alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi mtaa wa Mabanga kwa shangazi yake, Tantine Katungu, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma matangazo redioni. Tangu volkano ilipomwaga moto wake na watu wa Goma wakakimbia, wengine kuelekea Sake na wengine ng'ambo ya mpaka, shule zilikuwa bado zimefungwa. Watu walikuwa wamerudi, lakini vumbi jeusi lilirudi pamoja nao. Liliingia kwenye sahani, kwenye masikio, hata kwenye meno. Basi, badala ya kumwacha mtoto akae bure nyumbani, Tantine alimleta studio afanye usafi.

Wivine alisafisha vizuri kila kilichoonekana. Kisichoonekana alikiacha, kwa sababu alikuwa na kinyaa kikali, hasa cha mende. Siku alipopitisha kitambaa nyuma ya kompyuta na kusikia kitu kikikwaruza ndani, aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Hakumwambia mtu. Alitafuta kipande cha plastiki akaivika mashine, kisha juu yake akatandika kitenge cha ndege wa manjano, akakunja pembe zake vizuri, kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Akaacha wazi uso wa skrini tu.

Kila aliyeingia alimsifu. "Ona mutoto wa Katungu! Sasa vumbi litapitia wapi?" Wivine alifurahi, na vile vitu vilivyokwaruza akavisahau.

Mashine hiyo ndiyo iliyobeba matangazo yote. Papa Adalbert, fundi wa redio, alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux, kwa sababu haununuliwi, na virusi vinavyotembea mjini ndani ya flashi havikuusumbua sana. Tangazo lililosubiriwa kuliko yote lilikuwa la Mama Uwingabire. Mama huyo alikuwa ametoka Rutshuru akikimbia vita, akapata kibanda Mugunga. Kisha, siku ya kukimbia volkano, umati wa barabara ya Sake ulimtenganisha na mwanawe Ndayambaje, mtoto wa miaka mitatu. Mtoto hakujua Kiswahili, wala hakujua jina lolote la mama yake zaidi ya "mama". Kwa hiyo walimrekodi mama mwenyewe akimwita kwa Kinyarwanda: "Ngwino, mwana wanjye, ngwino." Njoo, mwanangu, njoo. Baada ya sauti hiyo, katika rekodi hiyo hiyo, Tantine Katungu alieleza mahali pa kumpeleka mtoto.

Lakini maelezo hayo hayakuwa yamefika hewani hata mara moja. Kila tangazo lilipoanza, mashine iligugumia. "Ngwi... ngwi... ngwi..." Kisha kimya. Siku hiyo Mama Uwingabire, aliyekaa kwenye benchi mlangoni akisikiliza, alisimama.

"Mashine ndiyo inaninyima mutoto?" aliuliza taratibu.

Wivine alimgeukia Benny. "Ni wewe! Umejaza filamu zako humu ndani, kama unavyojaza samaki kwenye kibodi!"

"Mimi?" Benny alicheka kwa hasira, vidole vyake bado vinang'aa mafuta. "We kadogo, kazi yako ni ufagio. Achana na mambo ya wakubwa. Mashine imezeeka, basi. Tuipige makofi mawili itaamka."

"Hakuna makofi hapa," alisema Papa Adalbert, aliyekuwa anaingia na koleo mkononi. "Na wewe, Wivine, unamushitaki mutu kwa kitu ambacho umekiona, ao kwa sababu unachukia samaki wake?"

Papa Adalbert aliiwasha mashine upya, akafungua dirisha jeusi kwenye skrini, akaandika neno fupi: top. Mistari ikajipanga, ikawa inabadilikabadilika.

"Hapa mashine inataja kila kazi inayofanya sasa hivi," alimwambia Wivine. "Namba hii ni nguvu ambayo kila kazi inachukua kwenye prosesa, yaani ubongo wake. Hii nyingine ni kumbukumbu. Kama Benny ameacha filamu inacheza kwa siri, tutaiona inakula. Unaiona?"

Wivine alisoma mstari kwa mstari. Programu ya kupiga matangazo ilichukua kidogo tu. Nyingine zilikuwa zimetulia. Filamu haikuwepo.

"Hakuna, Papa."

"Eeh! Niombe pardon sasa," alisema Benny.

Papa Adalbert hakucheka. Alifungua dirisha la pili, akaandika: watch sensors. "Hii inaonyesha joto la ubongo wenyewe. Mimi naenda kukaza waya wa antena juu ya paa. Wewe kaa hapa, angalia madirisha haya mawili. Usiguse kitu, usikisie kitu. Angalia tu."

Wivine aliletewa kigoda akakaa. Kuangalia kulichosha. Mwanzoni hapakuwa na jipya. Joto lilikuwa nyuzi hamsini na kitu. Likapanda polepole, likapita sabini. Benny alipiga miayo akatoka nje. Joto likafika themanini, na programu ile ile iliyokuwa ikichukua kidogo ikaanza kuchukua nguvu nyingi, kama mtu mchovu anayehema kwa kubeba ndoo moja. Joto lilipopita tisini, sauti ya muziki uliokuwa hewani ikaanza kugugumia. Ngwi, ngwi, kama tangazo lile.

Hapo Wivine alikumbuka alichoivika mashine. Aliweka kiganja juu ya kitenge. Kilikuwa cha moto kama sufuria ya maharage.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kukikunja kitenge na kukificha kabla Papa Adalbert hajashuka. Lakini kupitia mlangoni alimwona Mama Uwingabire amekaa palepale, mikono imelala mapajani bila mtu wa kushika. Wivine akatoka mbio.

"Papa Adalbert! Ni joto! Na kitenge ni changu, na plastiki ni yangu. Na ndani..." Akaonyesha studio kwa kidole. "Ndani kuna wadudu. Niliwasikia zamani, nikawafunika."

Fundi alishuka, akazima mashine, akachomoa waya wa umeme. Walipoinua plastiki, harufu iliwapiga usoni: tamu, chachu, kama kinywa cha mgonjwa. Papa Adalbert akafungua skrubu na kuvuta ubavu wa mashine. Mende wakamwagika. Wakubwa walikimbilia mezani, wadogo weupe wakabaki wakitambaa juu ya mayai yao. Feni haikuonekana kabisa. Ilikuwa imezibwa na uji mzito wa vumbi la volkano, chai yenye sukari, magamba ya sambaza na manyoya ya panya. Jinsi ulivyonata, ungedhani ni kitu kilichotapikwa.

Benny, aliyekuwa amerudi kuchungulia, alipiga kelele akapanda juu ya kiti. "Mama yangu! Wananipanda!"

"Wanafuata samaki wako," alisema Wivine, kisha akakimbia nje akatapika ukutani.

Alipofuta mdomo, Tantine Katungu alimpa maji. "Nenda nyumbani kama hauwezi," alimwambia kwa upole.

Wivine alitikisa kichwa. Alifunga leso puani, akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akarudi. Walikwangua kwa mswaki mkavu, wakapuliza, wakafuta, wakakwangua tena. Kila alipogusa kitu laini, ngozi ilimsisimka. Hakuacha. Benny naye alishuka kwenye kiti na, bila kuambiwa, akaigeuza kibodi juu chini na kuikung'uta. Vilivyoanguka vilimfanya aangalie pembeni.

"Pardon, Benny," alisema Wivine. "Nilikusingizia filamu."

"Filamu ulinisingizia," Benny alijibu chini chini. "Samaki, hapana."

Mashine ilipowashwa tena, feni iliimba. Wivine alikaa kwenye kigoda akaangalia dirisha la joto. Halikupita sitini. Tantine Katungu alibonyeza kitufe, na tangazo likaenda lote: "Ngwino, mwana wanjye, ngwino," hadi neno la mwisho la mahali pa kumleta mtoto. Mlangoni Mama Uwingabire alifunika uso kwa mikono.

Kesho yake kabla ya adhuhuri alifika mwuza makala mmoja, yaani mkaa, Mama Cibalonza, mweusi wa masizi toka kichwa hadi miguu, amemshika mtoto mkono.

"Huyu nilimuokota barabara ya Sake," alisema. "Tangu siku ile hakusema kitu. Jana alisikia sauti kwenye redio yangu, akaenda akaikumbatia. Alikataa kuiachia."

Hakumaliza maneno. Mama Uwingabire alikuwa ameshapiga magoti vumbini.

Papa Adalbert alisimama karibu na Wivine, wote wawili wakitazama. "Sikiliza, mutoto wangu," alisema. "Kuona kinyaa si kosa. Hata mimi jana sikula. Kinyaa kilikuonyesha mahali pachafu. Kosa ni kwamba ulipajua, ukapafunika, halafu ukamutafuta mutu wa kulaumu. Mashine ilikuwa inatuambia ugonjwa wake kila siku, lakini hakuna aliyekaa kuiangalia. Kitu kikiharibika, kwanza angalia. Ukiona uchafu, usiupambe, uondoe. Na ukiwa ni wako, useme."

"Ndiyo, Papa," alisema Wivine.

Aliingia ndani akatoa kitenge cha ndege wa manjano. Alikuwa amekifua kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi, mpaka kikanukia jua tu. Alikinusa tena kuhakikisha, kisha akampa Mama Uwingabire. Mama akamweka mtoto mgongoni, akamfunga nacho kwa nguvu, akakaza fundo mara mbili. Ndayambaje akalaza shavu, akafumba macho.