Kitabu cha Pili cha Elina

Kona ya ukurasa wa sitini ilikuwa imekunjwa, na Rebeka alikuwa bado yuko ukurasa wa arobaini.

Akaikunjua, akaisawazisha kwa kucha. Nailoni ya kitabu aliichana mwenyewe juzi, ndani ya basi la kutoka Singida mjini. Na hapo nyumbani Kinyangiri walikuwa watatu tu: yeye, shangazi Agripina asiyejua kusoma, na Shukuru, mtoto wa miezi tisa aliyeachwa na marehemu Elina, mdogo wake Rebeka.

Elina ndiye aliyekuwa mkunja kona. Kitabu cha kwanza walikisoma pamoja barazani, mmoja akisoma, mwingine akipepeta alizeti: habari za wafu waliofufuka mjini, wakapita mlango hadi mlango wakiita kwa sauti za wapendwa, wasiweze kuingia mpaka aliye hai awaitikie.

"Cha pili nitakuwahi, dada," Elina alimtania.

Homa ikamwahi yeye.

Kesho yake kitabu, kilichoachwa barazani juu ya kigoda, kilikuwa na kona nyingine, ukurasa wa themanini. Keshokutwa yake, mia na kumi. Karatasi zilinuka udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

"Shangazi, unakishika kitabu changu?"

"Nikishike nikifanyie nini? Nikikorogee uji?"

Siku ya nne, saa nane mchana, upepo ukisukuma makapi ya alizeti uani, sauti ikaja nyuma ya mlango uliofungwa. Ya chini, yenye mkwaruzo uleule wa Elina.

"Umefika wapi? Niletee mtoto nimwone."

Rebeka alimkumbatia Shukuru. Moyo ulimvuta mlangoni, miguu ikakataa.

"Siyo yeye," akanong'ona.

"Umejuaje?" Shangazi alikuwa ameganda na mwiko mkononi.

"Elina hata tukinuniana, hakuniambia neno kabla ya shikamoo. Huyu hajaniamkia."

Nyuma ya mlango pakawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Jioni shangazi alikitia kitabu motoni, ukurasa kwa ukurasa, akimwaga sala kati ya kikohozi na moshi. Majivu akayatandaza kizingitini. Harufu ikaisha. Wiki ikapita bila sauti, na Rebeka akaanza kulala usingizi.

Jumapili shangazi alikwenda kanisani. Rebeka alikaa chini na kuupa mlango mgongo, akimnywesha Shukuru uji, akipuliza kijiko, akifuta kidevu, akiwaza alizeti zilizobaki shambani na magunia ya kuazima kwa Mughwai jirani, na mtoto akicheka, na kijiko kikienda na kurudi, na upepo ukiwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu Juni, ndipo nyuma ya mlango mtu akasema taratibu, kwa adabu, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Rebeka akaitikia.

Mdomo ulitangulia. Akili ilipoufikia, kijiko kilikuwa tayari kimeanguka.

Nyuma yake komeo liliteleza lenyewe, polepole. Chumba kikajaa harufu ya udongo uliolowa. Naye Shukuru, akitazama juu ya bega la Rebeka, akanyoosha mikono yote miwili abebwe.