Kovu Chini ya Bawa

"Mama, haya mayai yana mbegu ya jogoo?"

Soko la Mutindwa lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, lakini swali hilo liligeuza vichwa kibanda kizima. Adongo, muuza mayai, alimtazama mteja wake kuanzia viatu vya raba hadi gauni la kitenge lenye maua ya manjano, kisha akaangua kicheko.

"Sista, unatafuta mayai ama unatafuta jogoo?"

"Natafuta yai linaloweza kuanguliwa."

"Hizi ni za kukaanga, mrembo."

"Mimi niko nazo," ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la jinzi limetobolewa vitundu na cheche za moto. "Kuku zangu ziko na jogoo, na anajituma."

Hivyo ndivyo Nzisa, mtafiti wa chanjo za mifugo, alivyomfahamu Wahome, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefuga kuku juu ya paa la ghorofa alimoishi, mtaa wa Lucky Summer. Nzisa alikuwa na sharti moja: kuku wasiwe wamewahi kuchanjwa ndui.

"Hawajui hata sindano ni nini," aliapa Wahome, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Kila Jumamosi Nzisa alipanda ngazi na kikapu chake, akaketi kwenye benchi kando ya kizimba. Paani palinukia chai ya tangawizi na maranda ya mbao. Nguo zilizoanikwa zilipepea polepole, na kelele za mtaa zilifika pale zikiwa zimelainika.

"Niambie, daktari wangu, mayai yangu unayafanyia nini?"

"Nachukua kirusi cha ndui ya kuku, nakipachika jeni ya kirusi cha kideri. Kinaibeba, kinaisoma kama yake. Kuku akichanjwa nacho, mwili wake unajifunza kupigana na magonjwa mawili."

"Na utajuaje kimekubali mzigo wa wenyewe?"

"Naongeza jeni nyingine, ya alama. Nakikuza juu ya utando ulio ndani ya yai, kisha nautia dawa. Kikikubali, kinaacha doa la buluu."

"Buluu gani?"

Nzisa aliinua macho. Anga juu ya mtaa wa Baba Dogo lilikuwa linaanza kukolea. "Ile pale."

Baada ya mvua za masika, simu alizopiga Nzisa zikabadilika.

"Hakuna kitu, Wahome. Utando ni mweupe tena. Nikikosa mwaka huu mradi unafungwa. Nadhani ni mikono yangu, mpenzi. Mikono yangu ni mibaya."

Wahome aliwatupia jicho kuku wake. "Usijilaumu, mami. Jumamosi uje, nitakupikia chai."

Akaja. Kuku mwekundu alimrukia mapajani, naye akamkunjua bawa kwa mazoea tu. Pale ambapo ngozi ni nyembamba palikuwa na kovu dogo, kavu, la sindano ya chanjo.

"Umewachanja."

"Ndui iliingia kwa kuku za jirani. Zangu zingekufa zote."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungekuja tena hapa kufanya nini?"

"Kuku mwenye kinga huiacha ndani ya yai, Wahome. Kinga hiyo ndiyo iliyokizima kirusi changu. Na wewe ukanisikiliza nikiilaumu mikono yangu!"

Alishuka ngazi bila kikapu. Tangu hapo, kila Wahome alipompigia, simu iliita hadi ikakatika yenyewe.

Wahome aliwauza kuku wote. Akaenda kwa shangazi yake kijijini Mukurweini, ambako chanjo ya ndui haikuwa imewahi kufika, akarudi na boksi la vifaranga. Aliwajengea kizimba kipya, akakifunika kwa neti, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba mbu hueneza ndui. Aliwalea hadi mvua za vuli, kisha akapiga simu, na safari hii ikapokelewa.

"Zimeanza kutaga," alisema. "Msamaha nitaomba ukiwa mbele yangu. Lakini usiniamini. Kuja ukague mabawa mwenyewe."

Nzisa alikagua kila bawa, akiliinua kuelekea jua. Ngozi zilikuwa safi, nyembamba, mwanga ukipenya.

"Ulijua nikikosa mayai nitakosa kazi?"

"Nilijua. Nikaogopa kukukosa kuliko wewe kukosa kazi. Nilikukosea, Nzisa."

Nzisa alipanga mayai kikapuni. "Haya yakifaulu, sitahitaji mengine."

"Hilo pia najua," Wahome alisema, akamfungulia mlango wa ngazi.

Wiki kadhaa baadaye, jioni, Wahome alikuwa akimwaga mtama alipoona kwenye ngazi gauni lenye maua ya manjano. Nzisa alimnyooshea simu. Ndani ya picha, juu ya utando mweupe, kulikuwa na madoa mengi madogo ya buluu.

Wahome aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mikono ya Nzisa.

"Hujabeba kikapu."

"Mayai sihitaji tena."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Leo ni Jumamosi," alisema Nzisa, akaketi mahali pake.