Fundi Cherehani Ainuka Mwenyewe

Kila asubuhi fundi wa kuchomelea vyuma alimvalisha mkewe viatu. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na baridi yabisi, ugonjwa wa muda mrefu unaovimbisha viungo na kuvitia maumivu. Ulikuwa umemshika vidole, magoti na vifundo vya miguu.

"Miguu imeamkaje leo?" mume aliuliza.

"Imeamka na kinyongo."

Mume alicheka, lakini hakuwa na raha. Alimpenda mkewe, basi akamfanyia kila kitu. Alimbebea ndoo, alimwinua kitini, alimshika mkono mpaka mlangoni. "Wewe kaa, pumzika," alimwambia. Kadiri mke alivyokaa, ndivyo miguu ilivyozidi kulegea.

Siku moja mke akasema, "Mume wangu, naona tuuze cherehani. Miguu yangu haiiwezi tena."

Kazi ile ndiyo iliyomchangamsha mkewe. Mume akampeleka kliniki.

Daktari alimpima. "Dawa zinakusaidia, mama. Uvimbe umepungua. Lakini misuli yako imedhoofu." Akawaelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole.

"Tutaanza pilates," dada alisema.

"Ndiyo nini hiyo? Sindano?" mume aliuliza.

"Ni mazoezi ya polepole, baba. Mama analala kwenye mkeka, anapumua kwa utaratibu, anakaza misuli ya tumbo, kiuno na mapaja. Misuli ikiwa na nguvu, viungo vinapunguziwa mzigo."

"Viungo vinauma, halafu tuvichokoze?"

"Vikivimba na kupata joto, tunavipumzisha. Maumivu yakizidi, anaacha. Mazoezi haya hayaponyi ugonjwa, na dawa ataendelea kunywa. Lakini kukaa tu kunamdhoofisha."

Mume akainamisha kichwa. Kumbe huruma yake ndiyo iliyokuwa ikimlegeza mkewe.

Mke akalala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa. "Vuta pumzi, mama. Sasa itoe polepole, tumbo liingie ndani."

Mume alitazama. Hakuona chochote kikisogea.

"Baba, weka mkono hapa," dada alisema.

Akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe. Chini ya ngozi alihisi misuli ikikaza, kimyakimya. Mke alionekana kama amelala tu, kumbe jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mume alizoea kubeba vyuma vizito, lakini nguvu ya namna ile hakuwahi kuigusa. Mkono ukabaki palepale.

Nyumbani, mume alitandika mkeka kila siku, kisha akafumbata mikono nyuma ili isimponyoke ikaenda kusaidia. Siku ambazo viungo vilivimba, mke alifanya zoezi la kupumua tu. Miezi ikapita.

Siku moja mke alipomaliza mazoezi, mume akainama amnyanyue kama kawaida.

"Acha," mke alisema.

Akageuka ubavu. Akapiga goti moja, akakanyaga kwa mguu wa pili. Akatoa pumzi polepole, akainuka. Hakushika kitu.

Mume alibaki amenyoosha mikono hewani.

"Hebu rudia," alisema kwa sauti ndogo.

"Nirudie nini? Nina nguo za watu za kushona."

Mke akaenda chumba cha pili, polepole, bila kushikwa. Mume akabaki kando ya mkeka, akisikiliza cherehani ikianza kuzunguka.