Nitakuombea

Mgeni aliingia bila hodi mchana wa Alhamisi, saa ambayo chumba cha kushonea huwa nusu usingizini. Jua lilipenya dirishani na kuangukia vumbi la vitambaa, nalo likaelea juu ya cherehani kama unga wa dhahabu. Msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi mkekani akishona pindo la gauni kwa mkono. Shuleni walimwita Mnong'ono, kwa kuwa alisema kila jambo kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mama yake, fundi wa nguo, alikuwa uani akipuliza mkaa wa pasi.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti. Fundi anakuja sasa hivi."

"Marahaba." Mwanamke yule aliketi ukingoni mwa kiti, kama abiria anayeogopa kuachwa. Akatoa shati dogo la buluu. "Nataka lipasuliwe hapa ubavuni, kutoka kwapani hadi chini, kisha liwekwe vifungo. Ni la mwanangu. Hataweza kuinua mkono kuvaa, maana Jumamosi saa nne naye anapasu..."

Neno likamkwama. Akalikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

Mnong'ono aliinua macho kutoka kwenye pindo. Mara ngapi maneno yalifika midomoni mwake yakarudi ndani! Wiki iliyopita tu, rafiki yake aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima, alimuuliza mbele ya darasa, "Eti kila Jumapili mnakwenda kumwambia Mungu nini asichokijua?" Wote walicheka. Naye akacheka nao, kisha akashinda siku nzima akijiona kama amemkana mtu wa nyumbani.

"Nita... nitakuombea," alinong'ona.

Mgeni alisimama wima. "Uniombee? Kwa nani? Sikiliza, binti, mimi ninafanya kazi. Sijaja hapa kutembezewa bakuli!"

Mnong'ono aliduwaa, sindano ikiwa hewani. Kumbe mama huyu alidhani ataombewa pesa nyumba kwa nyumba kama ombaomba! Ingekuwa rahisi kusema samahani na kurudi kwenye pindo lake. Akaichomeka sindano kitambaani.

"Sikumaanisha hivyo, mama. Nilimaanisha nitamwomba Mungu. Nitamwambia Yesu habari za mwanao."

Mwanamke aliketi taratibu. "Na huyo anasikiliza watoto?"

"Anasikiliza. Baba alipofariki nilikaa wiki tatu bila kusema na mtu. Nilisema naye tu, kimoyomoyo. Sikusikia sauti yoyote, lakini... sikuwa peke yangu. Sijui kueleza vizuri."

"Umeeleza." Mgeni alitazama vumbi likielea. "Mimi hata sijui mnaanzaje. Basi uje uniombee pale pale hospitali, nisikie kwa masikio yangu. Na ukae mpaka mlango wa chumba watakachomwingiza ufunguke, maana sina mwingine."

"Nitakuja. Nitakaa mpaka mlango ufunguke."

Ahadi ilipokwisha kumtoka ndipo alipokumbuka. Jumamosi saa nne ulikuwa mchujo wa timu ya mbio za kupokezana vijiti.

Kesho yake Redio alishika kichwa. "Miezi mitatu tumekimbia mpaka viatu vinacheka, leo unaniambia hospitali? Halafu wewe, uombe kwa sauti! Mwalimu akiita jina lako si tunakuitikia sisi? Ombea uwanjani bwana, Mungu atakusikia."

"Mungu atanisikia. Yeye hatanisikia."

"Yeye nani?"

"Yule mama."

Redio akatikisa kichwa, akaenda kufanya mazoezi peke yake.

Jumamosi Mnong'ono na mama yake walifika mapema. Ukumbi wa hospitali ulikuwa mrefu na mweupe, ukinuka sabuni, na watu waliopita mwishoni walionekana kama wanatembea ndani ya maji. Mtoto aliingizwa chumba cha upasuaji juu ya kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Mwanamke akamshika Mnong'ono mkono. "Haya, mwanangu. Anza."

Benchi lilijaa watu. Mzee mmoja alishusha gazeti lake. Mnong'ono akafumba macho.

"Bwana Yesu, mtoto yuko humo ndani. Sisi mlango umetuzuia, wewe haukuzuii. Mshike mkono ule usiouma. Waongoze madaktari. Na mama yake ukae naye hapa. Amina."

"Amina," alisema mzee wa gazeti. "Niongezee na mke wangu, binti. Yuko wodi ya pili."

Akaongezwa. Kisha mwanamke akauliza polepole, "Na mimi naweza kumwambia jambo? Hata kama hanijui?"

"Anakujua, mama."

Akainama, akaanza kusema kwa maneno yake mwenyewe.

Fundi alimvuta binti yake karibu. "Juzi nilikusikia nikiwa uani," alisema. "Nilitaka nije nikusaidie, nikajizuia. Unajua, kumshirikisha mtu imani yako si kazi ya wenye sauti kubwa tu. Ni kumwambia mwenye shida ukweli unaoujua, kisha kukaa naye. Ujasiri hukuwa nao ulipoanza, mwanangu. Umekukuta njiani." Akatazama saa ya ukutani. "Sasa umeshaomba. Wasichana wanakimbia mwisho. Ukiondoka sasa hivi, utawahi."

Mnong'ono aliutazama mlango. Miguu yenyewe ilitaka kuruka.

"Nilisema mpaka ufunguke, mama."

Uwanjani filimbi ilipulizwa, wasichana wakakimbia, na majina yakabandikwa ukutani bila lake. Saa sita kasoro robo mlango ulifunguka, na muuguzi akatoka akitabasamu. Mnong'ono alikuwa bado ameketi pale, mkono wake mkononi mwa yule mama.