Kabureta ya Honda ya Oryem

Kama unatafuta spea za pikipiki ya zamani hapa Kampala, nenda asubuhi. Usiende jioni kama mimi. Jioni wenye maduka wamechoka, wanakuuzia chochote mradi uwatoke machoni, na wewe nawe unakubali chochote mradi usirudi nyumbani mikono mitupu.

Nilikuwa nimezunguka juma zima. Honda ya marehemu mume wangu, Oryem, ni ya miaka ile ambayo mafundi wa leo walikuwa hawajazaliwa. Ilikaa chini ya turubai tangu tumzike. Petroli ikagandia ndani ya kabureta, boya likatoboka, sindano ikaliwa na kutu. Kila nilipouliza, vijana walinicheka. "Mama, hii ni ya kupeleka makumbusho! Iuze kama chuma chakavu." Chakavu ni nyinyi, niliwaambia, na nikaenda duka la pili.

Niseme ukweli wangu mapema. Sikutaka kuipanda pikipiki ile. Nilitaka kuisikia. Miaka yote ya ndoa yetu, jioni, ilikuwa inapanda kilima cha Mbuya ikikohoa, na mimi jikoni najua baba amefika, napakua. Sasa jioni inakuja na hakuna anayefika. Binti yetu Aryemo yuko Dubai, simu ni Jumapili tu. "Mama, uko sawa?" "Niko sawa, mwanangu." Siko sawa. Mbele ya watu nacheka, nikifunga mlango upweke unanikaba. Basi nilitaka ile sauti, hata mara moja.

Jua lilikuwa linazama nilipoelekezwa kwa Mkongomani mmoja, Ambroise, kwenye kichochoro nyuma ya soko la Owino. Kibanda chake kilikuwa kimejaa minyororo na matangi yaliyobonyea. Nikamwonyesha kabureta yangu mbovu. Aliitazama. Kisha akaingia ndani kabisa, akarudi na nyingine, ameishika kwa kipande cha kitenge. Hakuigusa kwa mkono.

"Iko moja tu, mama. Ilitoka ku pikipiki ya kijana wetu, Guerschom. Alianguka nayo."

"Pole. Na mwenyewe je?"

"Ah, mama..." Akapunga mkono. "Tuiache ile."

Nikaelewa nilivyoelewa. Kilichonishangaza ni kwamba hakunibembeleza wala hakupandisha bei. Nilitaja yangu ya kumchokoza, akaikubali pale pale. Mfanyabiashara wa Owino! Ningejua kusikiliza, hilo peke yake lingetosha kunionya.

Nikachukua boda. Dereva alikuwa kijana wa kutoka Masaka, mgeni mjini. "Nyabo, Mbuya mimi sijui sana. Utanionesa balabala."

"Twende. Nitakuonyesha."

Nikaipakata ile kabureta mapajani, ndani ya kitenge chake, na kwa sababu ya upepo na kelele za magari nikawa napaza sauti njia nzima. Hii ni Jinja Road, nyoosha. Hapa ni Lugogo. Sasa tumefika Nakawa. Hii ndiyo Kinawataka, kata kulia. Panda kilima, taratibu.

Kwenye mlima pikipiki ikaanza kulemewa. "Nyabo, imekuwa nzito," kijana akalalamika. Nikamwambia mwili wangu haumhusu, aongeze mafuta.

Tukasimama mbele ya geti langu.

"Haya, tumefika," nikasema. "Nyumbani ni hapa."

Kesho yake niliifunga mwenyewe. Nilimshikia Oryem tochi miaka mingi, najua kila bolti inakokwenda. Jioni ilipoingia nikafungua petroli, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, ikakohoa. Nikapiga tena...

Ikawaka!

Mungu wangu, nililia. Nilisimama uani na vidole vyangu vyenye oili, nikalia kama siku ya msiba. Ilikuwa sauti ile ile. Nikaiacha iungurume mpaka majirani wakachungulia, kisha nikaizima.

Injini ilipokufa, nikasikia mtu anashuka.

Najua sauti ya mtu anaposhuka kwenye Honda ile. Springi za kiti zinalia kidogo, halafu mguu unagusa chini. Zililia. Mguu ukagusa chini. Kisha hatua, moja moja, kutoka pikipiki hadi kizingiti changu.

"Oryem?"

Harufu ikanifikia. Petroli, na chini ya petroli, udongo uliolowa.

"...Ni hapa?"

Ilikuwa sauti ndogo, ya kunong'ona. Uani hapakuwa na mtu. Lakini kwenye saruji ya kizingiti palikuwa na alama ya mguu, imelowa, na nilipokuwa naitazama ikakauka.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilifanya nini? Nilisema, "Ndiyo baba, ni hapa. Karibu." Nikaingia, nikavuta kiti chake mezani, nikampakulia. Kiti kikalia pole pole, kama kinavyolia kikikaliwa. Nikamsimulia habari zote: Aryemo, pensheni, mvua iliyong'oa bati. Sikuogopa. Nilikuwa na furaha ambayo naona haya kuitaja. Chakula hakikuguswa, lakini kilipoa haraka kuliko changu.

Jioni iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Kila jua likizama, springi zinalia, hatua zinakuja. Kila mara anauliza lile lile, na kila mara nikimjibu hatosheki. Jioni ya kwanza aliulizia kizingitini. Halafu mezani. Halafu nyuma ya mgongo wangu nikiwa nakoroga mchuzi.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mume wangu. Unauliza nini tena? Mgeni ndiye wa kuuliza!" Nilimtania hivyo. Kwa maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alikuwa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hakucheka. Oryem angecheka. Badala yake nikasikia kilio chembamba, cha kujizuia, cha mtu aliyechoka kutembea.

Aliyenifungua macho ni Amito, jirani yangu wa geti la pili. Ni binti mdogo wa kabila la Lango, mumewe polisi, mtoto wao wa kwanza hana hata meno. Alikuja jioni moja kuazima kinu, mtoto mgongoni. Alipofika uani mtoto akaanza kulia, ameikazia macho ile Honda. Amito akageuka naye, akaniinamia sikioni.

"Mama Aryemo... yule kijana ni nani?"

"Kijana gani?"

"Yule aliyekaa nyuma ya pikipiki. Mbona amelowa hivyo?"

Nikatazama. Mimi sikuona kitu.

Kijana. Na amekaa kiti cha nyuma, cha abiria. Oryem alikuwa mzee wa mvi, na katika maisha yake hakuwahi kukaa nyuma ya pikipiki ya mtu yeyote, sembuse yake.

Amito alipokwenda nikakaa jikoni, na jambo likanijia lote kwa mkupuo. Kwetu kaskazini, mtu akifia mbali hasafirishwi kimya. Tulipompeleka Oryem kumzika Kitgum, shemeji yangu Olal alikaa kichwani pa jeneza njia nzima, akimweleza. Ndugu, hapa ni Luweero. Ndugu, sasa tunavuka Karuma. Ndugu, tumefika, nyumbani ni hapa. Usipomweleza anabaki njiani. Ukimweleza anakufuata, na pale utakapomwambia ndipo kwao, ndipo anaposhuka.

Na mimi nilikuwa nimepakata chuma cha marehemu, nikapaza sauti kutoka Owino mpaka getini kwangu. Nikamtajia kila njia panda. Nikamwambia amefika!

Nilimwita mtoto wa watu kwenye nyumba isiyo yake. Ndiyo maana alikuwa haachi kuuliza. Hakuna kitu alichokitambua mle ndani.

Roho iliniuma. Huko mahali pengine palikuwa na mama anayesikiliza jioni kama mimi. Basi kesho yake nikaifungua kabureta, nikaikunja ndani ya kitenge kile kile, nikampigia Ambroise anielekeze kwao Guerschom. Akanitajia nyumba za kupanga chini ya Kyambogo, kisha akakata simu kabla sijamaliza kushukuru. Nikapanda boda, na safari hii nikanong'ona kwa makusudi. Mwanangu, tunashuka Kinawataka. Mwanangu, hii ni Banda. Mwanangu, Kyambogo hii hapa, nakupeleka kwa mama yako.

Nilibisha mlango nikiwa nimeshaandaa maneno ya pole. Akafungua kijana mmoja mwembamba, anachechemea, sahani ya maharage mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Natafuta nyumbani kwa marehemu Guerschom."

Akanitazama.

"Guerschom ni mimi, mama."

Nikafunua kitenge kidogo tu. Alipoiona ile kabureta sahani ikamponyoka, maharage yakamwagika miguuni kwake, na wala hakuinama.

"Mimi nilianguka nayo, sikukufa," alisema, sauti imeshuka. "Niliinunua hivyo hivyo, imetumika. Aliyeniuzia naye alikuwa ameinunua. Mwenyewe wa kwanza hatumjui."

"Lakini unamjua... huyu?"

"Alikuwa anakaa nyuma yangu. Kila jioni. Kimya, mama, kimya kabisa. Nilikuwa nasikia baridi yake mgongoni. Siku nilipogeuka kumtazama ndiyo siku niliyoanguka." Akakitazama tena kitenge. "Kwako anafanya nini?"

"Anauliza. Anasema: ni hapa?"

Guerschom akarudi nyuma hatua moja.

"Kwangu hakusema hata neno. Mama... wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tumefika."

"Basi ni wako," akanong'ona. "Nisamehe, mama yangu. Sasa ni wako." Na mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu, komeo likasukumwa.

Nilisimama pale na mzigo wangu. Nyuma ya shingo yangu pakaja baridi.

"...Ni hapa?"

Sikumjibu.

Ndipo woga ulipokuja, ule wote niliokuwa sijauona. Sikupanda boda, kwa maana boda lazima umwelekeze. Nilitembea. Nilipofika kwenye bwawa la Kinawataka nikaitupa kabureta na kitenge chake ndani ya mafunjo, nikasikia inazama. Sikutaja jina la mahali popote. Watu walinisalimu njiani, nikaitikia kwa kichwa. Nikapanda kilima nimebana midomo, mpaka ndani kwangu.

Kimya.

Kiti hakikulia, na hakuna aliyeuliza kitu. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikapasha chakula, nikapakua sahani moja, nikakaa. Na nitasema lililo kweli hata kama mtanicheka: sikuweza kula. Nyumba ilikuwa tupu kuliko siku ya kumzika Oryem.

Giza lilikuwa linaingia nilipomsikia. Mbali, chini ya kilima, upande wa bwawa. Mbwa wa huko wakabweka, wakanyamaza ghafla. Halafu mbwa wa karibu zaidi, nao wakanyamaza. Alikuwa anapanda. Hakuwa na wa kumwonyesha njia, basi alikuwa anaulizia geti kwa geti.

"...Ni hapa?"

Watu walikuwa jikoni, redio zimewashwa, hakuna aliyemsikia. Geti baada ya geti. Nikasimama nyuma ya dirisha, mkono mdomoni. Akipita, amepita, niliwaza. Mimi nimenyamaza, hajui nilipo.

Akafika kwa Amito.

"...Ni hapa?"

Nikasikia kandambili zake Amito uani. Binti yule ana malezi mema, hawezi kumwacha mtu amesimama nje. Nilimwona kwenye mwanga wa taa ya mlango wake, mtoto mgongoni, anasogelea geti huku anajifuta mikono.

"Nani? Mnatafuta nyumba ya nani? Ngojeni, nakuja..."

Mtoto akaanza kulia.

"Si hapo!" nikapiga kelele, nusu ya mwili wangu nje ya dirisha. "Si hapo, mwanangu! Ni hapa! Njoo huku, nyumbani ni hapa!"

Amito akashtuka. "Mama Aryemo! Unaongea na nani?"

"Na mgeni wangu. Ingia ndani, mwanangu. Funga mlango."

Akaingia. Hatua zikaacha geti lake. Nikazisikia zinakuja, zimelowa, safari hii haraka, za mtu aliyeitwa na akasikia. Nikakimbilia mlango wangu nishike komeo, angalau tuongee nikiwa upande wangu, na mlango ukaja wenyewe mkononi mwangu.

Sikuwa nimeufunga. Tangu niliporudi sikuwa nimeufunga, na nilikuwa nimejiambia kwamba nimesahau.