Polikarpo wa Masasi

Jumamosi hiyo soko la Tandika lilikuwa limefurika hadi watu wanakanyagana visigino, na Bernadeta alilipasua katikati, mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili. Gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa kama kashonewa juu ya mwili, na nywele alizosukwa jana yake zilikuwa bado zinang'aa mafuta. Uso tu ndio uliokunjwa. Alisimama mbele ya lundo la viatu vya mitumba, mikono kiunoni.

"We kaka! Umeniuzia viatu vyote vya kushoto!"

Kijana aliyekuwa juu ya lundo, shati la drafti kakunja mikono, alivitazama viatu, kisha akamtazama mwenye viatu, na hakufanya haraka.

"Sista, ndivyo vinavyovaliwa Ulaya mwaka huu."

"Basi na wewe ndivyo utakavyopigwa navyo Temeke mwaka huu."

Wauzaji wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, akainama kupekua akitafuta cha kulia, kwa mkono wa kushoto. Ndipo Deta, maana hivyo ndivyo alivyoitwa na waliomzoea, alipoona kitabu cha baiolojia kimefunikwa na soksi.

"Kumbe unasoma?"

"Nakikaliaga tu. Kigoda hakuna."

Mdomo ulikana, ila mkono ulimsaliti. Yule aliyekuwa akiita wateja kwa sauti ya kufika Mtoni alikisukuma kitabu ndani zaidi ya soksi.

Aliitwa Venance, wazazi wake watu wa Newala, yeye kakulia Temeke. Kidato cha nne alipata ziro, na ziro hiyo aliibeba kama kovu la usoni. Chanzo chake kilikuwa kidato cha pili: alinyoosha kidole, akauliza swali, darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Wakambandika jina la "Profesa" mpaka alipomaliza shule. Tangu hapo hakunyoosha kidole mahali popote. Sasa alitaka kurudia mtihani, kwa siri.

"Njoo Kinondoni," Deta akamwambia, akikisia habari ya mtihani tu. "Kwetu hakuna kunyoosha kidole. Kuna kuandika."

Kinondoni kulikuwa na intaneti ya Mzee Jabiri: kompyuta sita, feni moja yenye kelele kuliko upepo wake, na mlangoni wambea wote wa mtaa, Mwanaasha akiwa mwenyekiti wao. Ulikuwa mwaka ule watu wanaapa kwamba ikiingia elfu mbili kompyuta zote duniani zitazimika. Deta ndiye aliyezisimamia, na ndiye aliyeanzisha Darasa la barua pepe, la wanaorudia mtihani Dar, Tanga, Mwanza na Mtwara. Mmoja akiandika swali, wote wanalipata. Yeye mwenyewe aliwahi kurudia akiwa peke yake, akaujua upweke wake.

Lakini Darasa lilikuwa bubu. Watu walifungua, wakasoma, wakajiondokea. Waandikaji watatu, wale wale kila siku.

"Wanakuja kula pilau, hakuna anayekuna nazi," Deta alilalamika.

"Shughuli ni watu, binti yangu," Mzee Jabiri akamjibu, "na watu wako hawana midomo. Mie nawapa saa yangu ya mchana bure, wao wananinunia? Mwezi huu ukiisha hivi, narudisha mashine zangu kwa wateja."

Deta hakulala vizuri. Kesho yake, mwanachama mpya akajiunga: Polikarpo wa Masasi.

Polikarpo huyo alikuwa mjinga wa raha. Aliandika: "Wapendwa, nasikia moyo uko kushoto. Je, mtu wa mashoto moyo wake unahamia kulia? Msinicheke, hata mkicheka huku Masasi sisikii."

Darasa likavunjika mbavu. Watu ambao hawajawahi kuandika hata salamu wakaandika. Mwanza wakamtania, Tanga wakamfundisha. Na Venance, aliyekuwa akija kila Jumanne kusoma kimya na kuondoka, alivuta kiti, akadonoa herufi moja moja, jasho likimtiririka: "Ndugu Polikarpo, mimi ni mashoto. Nimejishika, moyo uko pale pale."

Deta alikuwa amesimama nyuma yake. Alinukia sabuni na karafuu.

"Umeandika, Venance."

"Nimemjibu tu yule bwana. Masikini, hajui kitu."

Wiki iliyofuata aliuliza swali lake mwenyewe, lile lile la kidato cha pili: hasi mara hasi inakuwaje chanya? Mwalimu Fransis wa Tanga, mmoja wa wale waandikaji watatu, akamjibu kwa marefu na mapana, na watu kumi wakakiri kwamba nao hawakulijua, waliogopa tu kuuliza. Venance alitoka nje akaimba peke yake kwenye jua kali. Mzee Jabiri hakuzungumzia tena mashine zake.

Mapenzi nayo yakaingia bila kubisha hodi. Venance alizoea kupiga simu ya dukani kutoka kibanda cha simu cha Temeke.

"Haloo, intaneti ya Jabiri?"

"Ndiyo. Unataka huduma gani?"

"Nataka kuongea na kiatu changu cha kulia."

"Cha kulia kina kazi. Na hapa wateja wanasikia."

"Wasikie, mpenzi. Au tumwulize Polikarpo kama wivu unakaa kushoto?"

Deta alicheka huku kajifunika mdomo kwa khanga. Mwanaasha akamwambia, "Shoga, huyo Polikarpo wako atakuja kukutia kidole cha jicho." Maana Mwanaasha alijua. Mzee Jabiri naye alijua. Polikarpo alikuwa Deta. Masasi aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu. Alimtunga awe wa mwisho darasani, ili mwingine yeyote asione haya kuwa wa pili kutoka mwisho.

Alikusudia kumzika baada ya mwezi. Lakini Venance alianza kumwandikia Polikarpo faraghani, akimweleza ziro yake na kicheko cha lile darasa, mambo ambayo hakumwambia hata Deta. Na Deta akajibu, kwa jina la Polikarpo. Alijiambia ni huruma. Ilikuwa pia utamu wa kupendwa mara mbili.

Wiki mbili kabla ya mtihani, Venance alikuja na shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Wakakaa kwenye benchi la muuza maji ya miwa.

"Deta, nataka kuleta posa kwenu."

"Lete. Nani kakuzuia?"

"Mie hapa mjini sina mkubwa, wazazi walisharudi Newala. Mshenga wangu nimeshampata. Polikarpo."

Deta akaacha kunywa.

"Nimemwandikia jana. Mtu wa kwetu kusini, hanijui sura na hajawahi kunicheka. Akikubali, nitakwenda stendi ya Ubungo kumpokea mwenyewe."

Angeweza kumwandika Polikarpo mgonjwa, au amehamia Msumbiji. Deta alilifikiria hilo, akalikataa. Mwanamume anayeleta posa hapewi mshenga wa uongo.

"Venance, Polikarpo hayupo."

"Kasafiri?"

"Ni mie. Nilimtunga mie, ili watu waandike."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Yale niliyomwandikia, umeyasoma wewe?"

"Nimeyasoma, na nimezidi kukupenda."

"Mwanaasha anajua?"

Deta aliinamisha kichwa.

"Anajua. Basi Kinondoni nzima inajua." Alizungumza polepole, kama anayejumlisha hesabu. "Mie niliandika kwa sababu yupo aliyekuwa mjinga kunizidi. Nilimwonea huruma, Deta. Kumbe kwenye Darasa zima mjinga nilikuwa peke yangu, na nyie mnaniangalia."

"Watu kumi walisema hawajui swali lako! Kumi, tena wa kweli!"

"Wa kweli? Nitajuaje?"

Venance aliiweka glasi benchini, maji ya miwa nusu, akaondoka kwa hatua za mtu anayetoka msibani.

Deta alikwenda Tandika mara nyingi. Kwenye lundo akakuta mtu mwingine. "Kahama, sista, hajasema wapi." Kibanda cha simu hakikupiga tena. Mtihani ukafanyika. Elfu mbili ikaingia, kompyuta hazikuzimika.

Darasa ndilo lililonawiri. Watu waliandika mpaka Mzee Jabiri akaongeza mashine mbili. Wakabishana, wakasahihishana, wakatumiana salamu za sikukuu. Hakuna aliyeuliza Polikarpo kaenda wapi. Shughuli ilikuwa imepata watu, na mwenye shughuli alikuwa amekaa peke yake.

Matokeo yalipotoka, Deta alifungua sanduku la barua pepe la Polikarpo, alilokuwa hajaligusa tangu siku ya benchi. Juu ya lile ombi la ushenga palikuwa na ujumbe mmoja mpya.

"Kaka Polikarpo, habari za Masasi. Nimepata divisheni tatu. Nakwenda kusini kusomea ualimu. Swali la moyo lilikuja kwenye baiolojia, nikakukumbuka. Nimetaka wewe ndiye ujue kwanza, maana ulinitoa haya. Naomba jambo moja tu: usimwambie Deta."

Venance alijua vizuri kabisa nani atakayesoma. Ndiyo maana aliandika hivyo.

"Nani kaandika, shoga?" Mwanaasha akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mbona umeganda?"

"Mtu wa Masasi."

"Anasemaje?"

Deta akajifuta uso kwa pindo la khanga. Kati ya mambo yote ya Kinondoni, hilo Mwanaasha hakulipata mpaka leo. Deta akavuta kibodi karibu, akaandika kama ambavyo mtu wa Masasi angeandika:

"Hongera sana, ndugu yangu. Sitamwambia."

Akatuma.